Kasi Hufundishwa, na Kutua Pia

Mazungumzo kwa walimu wa soka la wasichana



Oktoba 2022 timu ya Taifa ya wasichana wenye umri wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilishiriki Kombe la Dunia nchini India. Ilifungwa na Japani mabao 4-0, ikaishinda Ufaransa 2-1, ikatoka sare 1-1 na Kanada, kisha ikatolewa na Kolombia katika robo fainali. Wananchi walishangilia, na walistahili kushangilia. Lakini shangwe ikiisha hubaki swali la walimu: wasichana wanaofuata wataandaliwaje?

Zipo fikra za zamani kwamba kasi ni kipaji cha kuzaliwa tu, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuwazungusha wachezaji uwanjani mpaka watoke jasho. Fikra hizo hazina budi kuachwa. Ni kweli kwamba katika dakika 90 mchezaji wa kike wa kiwango cha juu hukimbia kilometa 10 hivi. Hata hivyo mabao mengi hutokana na mbio za ghafla za meta 10 au 20, na kugeuka kabla beki hajageuka, na kuruka juu kuliko mwenzake wakati wa kona. Mambo hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni nguvu ya miguu ya kuisukuma ardhi kwa muda mfupi sana. Kuzunguka uwanja polepole hakujengi nguvu hiyo. Hujengwa kwa mbio fupi za kasi kamili, zenye mapumziko ya kutosha kati yake, na kwa mazoezi ya kuruka.

Msichana wa Kitanzania hafiki uwanjani mikono mitupu. Amecheza rede, akikwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili. Huo ni wepesi wa kubadili mwelekeo. Ameruka kamba tangu utotoni; hilo ni zoezi la kifundo na shavu la mguu. Mwalimu hana sababu ya kungoja vifaa vya gharama. Wajibu wake ni kuuchukua mtaji huo na kuuendeleza kwa mpango.

Lipo jambo zito zaidi. Anayeruka lazima atue, na anayekimbia lazima asimame. Katika soka, kano ya katikati ya goti huwakatikia wanawake mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi mchezaji hakuguswa na mtu: ametua vibaya au amegeuka ghafla, goti likaingia ndani, kano ikakatika. Aprili 2023 nahodha wa Uingereza, Leah Williamson, aliumia kano hiyo akalikosa Kombe la Dunia la mwaka huo. Yeye alikuwa na wataalamu wa kumtibu, akarudi uwanjani. Kwa msichana wa shule ya kijijini, ajali kama hiyo yaweza kuwa mwisho wa soka, na pengine mwanzo wa ulemavu.

Kinga ipo. Mwaka 2008 wataalamu wa Norwei walitoa matokeo ya uchunguzi wa wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17. Baadhi ya klabu zilipewa utaratibu maalumu wa kupasha mwili moto, nyingine ziliendelea na desturi zao. Kwa waliopewa utaratibu huo, majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa kwa karibu nusu. Utaratibu wenyewe huchukua dakika 20: kukimbia taratibu, kuimarisha misuli ya tumbo na ya nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa na kuelekea vidoleni, halafu mbio fupi za kugeuka. Hauhitaji mashine wala jengo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Msichana wa miaka 13 aliyefunzwa kutua vyema ataruka bila hofu akifika miaka 20. Kwa hiyo, kila mwalimu na azitenge dakika hizo 20 kabla mpira haujatolewa kwenye mfuko, na azisimamie mwenyewe. Kasi itakuja, na magoti ya kuibeba yatakuwapo.