Ubingwa wa Polandi wa 1993: Kuona na Kuthibitisha



Jumapili ya tarehe 20 Juni, 1993, ligi daraja la kwanza ya kandanda ya Polandi ilifikia mzunguko wake wa mwisho. Timu mbili, Legia ya Warsaw na ŁKS ya mji wa Łódź, ziliingia uwanjani siku hiyo zikiwa na pointi sawasawa kileleni. Legia ilitangulia kwa tofauti ya magoli matatu tu. Legia ikasafiri hadi Kraków, ikaicharaza Wisła 6-0. ŁKS, ikiwa nyumbani kwake, ikaifunga Olimpia ya Poznań 7-1. Mwenye kupenda hesabu ataona jambo hapo: kila moja iliongeza magoli sita katika hesabu yake, pengo la magoli matatu likabaki palepale, na Legia ikatoka bingwa. Wananchi wa huko waliipa siku hiyo jina la Jumapili ya Miujiza. Halikuwa jina la sifa.

Ubingwa huo ulidumu siku 20. Tarehe 10 Julai, Chama cha Kandanda cha Polandi kilifuta matokeo ya mechi zote mbili. Legia na ŁKS zikanyang'anywa pointi za siku ile, na kwa kuwa wakati huo ushindi ulikuwa na pointi mbili tu, timu hizo zikarudi zilipokuwa asubuhi ya Jumapili. Lech ya Poznań, iliyokuwa ya tatu na ambayo siku hiyo ilikuwa imetoka sare, ikajikuta ina pointi sawa na hizo mbili pamoja na wingi wa magoli. Ikatangazwa bingwa wa nchi bila kupiga mpira mwingine hata mmoja.

Chama kilipoulizwa ushahidi wake, jibu lililobaki vinywani mwa watu ni la makamu wa rais wake, Ryszard Kulesza, ambaye aliwahi kuinoa timu ya taifa kati ya 1978 na 1980. Alisema kwamba Polandi nzima iliona. Maneno hayo yamekuwa msemo wa kawaida nchini humo, na mpaka leo hutajwa kila inapozuka shutuma isiyo na karatasi wala shahidi.

Je, kuona kunatosha? Hilo ndilo swali la msimu ule, na si swali la wachezaji peke yao. Mwalimu mkuu aliyepokea majibu ya mtihani yanayofanana neno kwa neno, au mhasibu mkuu aliyeletewa stakabadhi kumi zenye mwandiko mmoja, hukutana nalo akiwa peke yake ofisini, na hana budi kuamua.

Kwanza inafaa kuzifahamu timu zenyewe, kwa sababu majina matupu hayasemi kitu. Chini ya serikali iliyotawala Polandi hadi 1989, kila klabu kubwa ilikuwa na mlezi. Legia ilikuwa klabu ya jeshi. Wisła na Olimpia, hizo mbili zilizofungwa mabao 13 siku moja, zote zilikuwa chini ya ulezi wa polisi, ambao huko waliitwa milisia. Lech ilikuwa ya wafanyakazi wa reli, na hata sasa mashabiki wake wanaiita kwa jina la reli. Górnik ya Zabrze ilikuwa ya wachimba makaa ya mawe. ŁKS ilitoka katika mji wa viwanda vya nguo. Mlezi ndiye aliyelipa mishahara, naye ndiye aliyewapatia wachezaji kazi ambazo mara nyingi zilikuwa kazi za karatasini tu. Jeshi lilikuwa na njia yake ya kusajili: lilimwita kijana kwenye utumishi wa lazima. Kazimierz Deyna, mmoja wa viungo bora waliopata kuzaliwa Ulaya, aliichezea ŁKS mechi moja tu ya ligi mwaka 1966 kabla ya kuitwa jeshini, na huko akavalishwa jezi ya Legia. Watu wa Łódź hawakusahau. Timu hizo mbili zilipogombea kombe mwaka 1993, deni hilo la zamani lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa.

Utaratibu ule ulikuwa na dhuluma zake, lakini ulizaa kandanda. Górnik ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1970, ikashindwa 2-1 na Manchester City. Timu ya taifa ilishika nafasi ya tatu katika Kombe la Dunia mwaka 1974, Grzegorz Lato akiwa mfungaji bora kwa mabao saba, na ikairudia nafasi hiyo mwaka 1982.

Kisha ukaja mwaka 1990. Serikali mpya ilianza mwezi Januari kuachia bei na kukata ruzuku, na viwanda vingi vilivyozilea timu vikashindwa hata kuwalipa wafanyakazi wao. Wachezaji hodari wakauzwa nchi za nje. Waliobaki walikuwa vijana wenye mishahara isiyotabirika, wakicheza mbele ya majukwaa yaliyopungua watu, chini ya viongozi ambao hawakuwahi kufundishwa kuendesha klabu kwa fedha ya kutafuta. Upande wa pili, mlango wa Ulaya ulikuwa umeanza kutoa fedha nyingi kwa bingwa. Si vigumu kuona jinsi mechi ya siku ya mwisho, dhidi ya timu isiyowania ubingwa, ilivyoweza kugeuka bidhaa. Lakini kuona jinsi jambo linavyoweza kutokea si sawa na kujua kwamba limetokea.

Kiangazi hicho hicho Ufaransa ilikuwa na kesi yake, na kulinganisha kunasaidia. Tarehe 20 Mei, 1993, Olympique ya Marseille ilicheza na Valenciennes siku chache kabla ya fainali yake ya Ulaya. Mchezaji wa Valenciennes, Jacques Glassmann, alisema wazi kwamba yeye na wenzake walikuwa wameahidiwa fedha ili walegeze. Hakimu akaanza kazi, polisi wakachimba bustani ya jamaa wa mchezaji mmoja, wakazikuta noti zimefukiwa. Marseille ikanyang'anywa ubingwa wa Ufaransa, na ubingwa huo haukupewa timu nyingine. Nafasi ya mwaka ule iko wazi mpaka leo. Mwaka 1994 klabu ikateremshwa daraja, na baadaye watu wakahukumiwa mahakamani.

Polandi ilifanya kinyume katika kila hatua. Hakutokea mtu kama Glassmann. Hapakuchimbwa bustani. Hakuna mahakama iliyopata kumtia mtu hatiani kwa mechi zile mbili. Hata hivyo adhabu ilitolewa kwa haraka, na juu ya adhabu ikaongezwa zawadi kwa mtu wa tatu. Hapo chama kilikosea mara mbili. Kama mechi hizo ziliuzwa, basi waliouza na walionunua walikuwa na majina, na kazi ilikuwa kuyatafuta majina hayo. Kama hazikuuzwa, Legia na ŁKS ziliporwa. Kufuta magoli kwenye daftari hakukujibu lolote kati ya hayo mawili. Nayo Lech ilipewa taji ambalo hata mashabiki wake waungwana hawakulifurahia sawasawa, ingawa ilikuwa timu nzuri na bingwa wa msimu uliotangulia, yenye Jerzy Podbrożny aliyefunga mabao 25 msimu ule. Timu kama hiyo ilistahili kombe lisilo na maswali.

Wapo wanaokitetea chama, na hoja yao haifai kubezwa. Wanakumbusha mji wa Gijón, tarehe 25 Juni, 1982, Ujerumani Magharibi na Austria walipocheza katika Kombe la Dunia wakijua kwamba ushindi wa 1-0 wa Wajerumani ungewavusha wote wawili na kuwatupa nje Algeria. Bao lilipatikana mapema, na muda uliosalia ukaliwa kwa pasi za kwenda nyuma. Algeria ilipeleka malalamiko, FIFA ikayakataa, na Afrika ikarudi nyumbani na uchungu. Dunia nzima iliona, na hakuna aliyefanya kitu, isipokuwa kwamba baadaye mechi za mwisho za makundi zikapangwa kuchezwa saa moja. Mtetezi wa chama atauliza: je, Wapolandi nao wangekaa kimya vivyo hivyo? Je, mtoto anayetazama mabao sita yakiingia na mabeki wakitembea afundishwe kwamba hilo ni halali kwa sababu tu hakuna risiti?

Swali hilo ni zito. Jibu lake, hata hivyo, liko Ufaransa. Kati ya kunyamaza na kuhukumu kwa macho kulikuwa na njia ya tatu, yaani kuchunguza, na njia hiyo ni ndefu, ina gharama, tena huweza kumfikia rafiki wa mchunguzi. Kufuta matokeo kulikuwa rahisi zaidi. Hakukumgusa mtu binafsi yeyote.

UEFA nayo ilizifungia Legia na ŁKS mlango wa Kombe la UEFA la msimu uliofuata. Lech ilikwenda kwenye mashindano ya mabingwa, ikatolewa na Spartak ya Moscow. Legia ilijibu uwanjani: ilitwaa ubingwa wa 1994 na wa 1995, kisha ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Olimpia haikudumu; mwaka 1995 iliunganishwa na Lechia ya Gdańsk na jina lake likatoweka katika ligi.

Lililofuata baadaye ndilo linaloupa uamuzi wa 1993 sura yake kamili. Kuanzia 2005, waendesha mashtaka wa mji wa Wrocław walifungua uchunguzi wa rushwa katika kandanda, na safari hii walifanya kazi iliyoachwa zamani: walisikiliza simu, walihoji waamuzi, walipata viongozi wa klabu waliokubali kusema. Mamia ya watu walishtakiwa, wakiwamo waamuzi, makocha, wachezaji na wajumbe wa vyama. Arka ya Gdynia na Górnik ya Łęczna zikateremshwa daraja mwaka 2007. Mwaka uliofuata zikafuata nyingine, miongoni mwao Zagłębie ya Lubin, ambayo ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 2007. Waliokuwa wakinunua na kuuza mechi katika miaka hiyo walikulia katika ligi ambayo mwaka 1993 ilikuwa imewaonyesha kwamba anayefunga 6-0 hukamatwa. Kuhusu anayefunga 1-0 kwa penalti ya dakika za mwisho hawakuambiwa kitu.

Legia imeomba zaidi ya mara moja irudishiwe ubingwa wake, ikitoa hoja ile ile kwamba hakuna aliyethibitisha lolote. Chama kimekataa kila mara. Katika orodha rasmi ya mabingwa, mwaka 1993 unasomeka Lech Poznań.