Ebrahim Hussein na Neno la Kinjeketile

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mtu wa Kilwa, Bwana Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943, akawa mtungaji wa michezo ya kuigiza, tena mwanachuoni wa elimu ya michezo hiyo.

Labda mtauliza, sisi wa huku juu, penye baridi na mibuni, tuna nini na mtu wa pwani? Kumbukeni kwamba mashamba mengi ya kahawa ya Oldeani yalilimwa na walowezi wa Kidachi, mpaka vita vya 1939 vilipowaondoa. Na mchezo wake mashuhuri, Kinjeketile, uliopigwa chapa mwaka 1969, ni habari ya wale waliopigana na serikali ya Kidachi katika vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907.

Katika mchezo huo Kinjeketile atoka katika maji ya Rufiji, amepagawa na Hongo, naye awapa watu maji ya dawa. Makabila yaliyokuwa yakichukiana yawa kitu kimoja. Lakini watu waaminipo kwamba risasi hazitawadhuru, yeye mwenyewe aingiwa na shaka. Ataka kuwazuia wasiende upesi vitani. Hawasikii, maana neno limekwisha kumtoka, nalo ni kubwa kuliko yeye. Waenda, wauawa kwa bombomu.

Mwisho yumo gerezani, atakiwa aseme ya kuwa maji yalikuwa uongo. Akataa! Aona kwamba akisema hivyo, watoto watakaozaliwa wataambiwa baba zao walikosa kupigana. Hapo ndipo tulipokwama tulipousoma kwa sauti. Mzee mmoja alisema, "Amewaua watu, naye angali akificha." Mwenziwe akajibu kwamba aliyekufa hafufuki, bali aliye hai aweza kufanywa mtumwa kwa neno moja. Wakashindana hata taa ikaisha mafuta.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, vita vingali vichanga. Bwana Hussein hakutaka kuandika tarikh. Alisema wazi kwamba Kinjeketile huyu ni wa fikira zake.

Baadaye alikwenda Berlin ya Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akapata shahada ya udaktari mwaka 1975 kwa kuchungua jinsi michezo ya kuigiza ilivyokua Afrika ya Mashariki. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaacha kazi 1986. Kinjeketile ulijengwa kwa namna ya Kizungu. Kwa hiyo twapenda zaidi kuwaeleza Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, vya 1976, ambamo msimulizi ni mmoja tu, kama bibi asimuliavyo ngano jioni. Michezo hiyo haihitaji jumba wala mapazia. Uwanja wa shule watosha, na kijana mmoja mwenye sauti.