MWAMUZI WA MAUA NA MIMEA YAKE MWENYEWE



Katika maonyesho ya kilimo kila mtu hutaka kujua ni nani aliyepata tuzo ya kwanza. Ni wachache waulizao kwamba yule aliyeitoa alifundishwa nini. Swali hilo lina uzito katika Meru na Embu, maana nchi hizi zajua thamani ya aina njema za mimea. Huko Timau hulimwa mawaridi yauzwayo ng'ambo, na mahindi chotara 511 na 512 yalitokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Embu.

Mzalishaji wa aina mpya huchukua unga wa ua moja akaupaka katika ua jingine, hupanda mbegu zake, kisha kwa miaka mingi huchagua miche michache na kuitupa mingi. Jicho lake huona kasoro ambazo wengine hawazioni. Kwa hiyo afaa sana kuwa mwamuzi. Lakini wahenga walisema, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Basi mafunzo yake hayana budi kuwa na mambo matatu. Kwanza, ajifunze kutoa alama kwa kipimo kilichoandikwa: umbo, rangi, shina na majani, wala si kwa mapenzi. Pili, afuatane na waamuzi wazoefu, atoe alama zake peke yake, ndipo azilinganishe na zao na kueleza sababu ya kila tofauti. Tatu, nalo ndilo gumu, akiona mmea wake katika kundi, hata ukiwa na namba tu bila jina, aseme wazi na kuliacha kundi zima. Maana kumpunguzia jirani alama ni sawa na kujiongezea.

Hata serikali hufuata njia hiyo. Chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya mwaka 1972, mzalishaji hajipi hati mwenyewe. Shirika la KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996, ndilo lipimalo kama aina yake ni tofauti na nyingine, kama mimea yake yafanana, na kama haibadiliki kizazi hata kizazi.

Kadi ya tuzo ya kwanza huuza miche. Mkulima wa Nkubu au Runyenjes ainunuapo kwa kuitumaini kadi hiyo, hutoa fedha za karo na msimu mzima wa shamba. Kadi ikitolewa kwa upendeleo, atakayelipa ni yeye.