MAZUNGUMZO YA AFYA: UCHUNGUZI WA UTUMBO MPANA



Uchunguzi wa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera hutegemea kwanza usafi wa utumbo wenyewe. Kinyesi kikibaki, kinyama kinachoweza kugeuka saratani hufichika, na mtu hurudi nyumbani akidhani amesalimika. Kwa hiyo dawa ya kuendesha hugawanywa: sehemu jioni, sehemu alfajiri ya siku ya kipimo. Anayeiacha ya alfajiri kwa kuonea tamaa usingizi huiharibu kazi nzima.

Daktari naye asiharakishe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kuwa madaktari waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuutoa mpira waligundua vinyama vingi zaidi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza iwapo kamera ilifika mwisho wa utumbo.