Maskauti na Elimu ya Kupima: Maneno Yaliyosemwa Mkutanoni Mugango



Mmetutaka tuseme juu ya vijana Maskauti wa hapa Mugango, nasi twashukuru. Mnawajua: gwaride wanaliweza, mafundo wanafunga, na nyimbo huimba hata majirani wakakosa usingizi. Lakini siku moja pale mwaloni kijana mmoja alituuliza kwa nini ziwa lilipanda mwaka 2020 hata likaingia katika mashamba ya kandokando. Tukamjibu kwamba ni mvua. Akauliza, "Mvua kiasi gani, Bwana?" Hapo tuliona haya.

Huko Jinja, Uganda, mahali mto Nile utokapo ziwani, watu wamepima maji kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo yajulikana ya kuwa mwaka 1964 kipimo kilifika mita 13.41, na mwezi wa Mei 2020 kilipita hapo kidogo. Sisi tunaoamka kila siku mbele ya ziwa lilo hilo hatuna hata ukurasa mmoja.

Wako wenzetu wasemao tungoje kompyuta. Hatuzikatai, kila mwezi wa Oktoba Maskauti wa dunia huzungumza kwa redio na kwa intaneti. Lakini vijana wetu watawaambia nini zaidi ya salamu? Baden-Powell, aliyefariki na kuzikwa Nyeri mwaka 1941, alitaka skauti atazame kwa makini nyayo, mawingu na upepo. Basi kupima ni kazi yao tangu mwanzo.

Twaomba vitu viwili. Kwanza, kopo lenye kuta zilizosimama wima na kitako bapa, liwekwe peupe, mbali na miti na mapaa. Kila siku saa 3 asubuhi kijana atapima kina cha maji kwa rula, kisha atayamwaga. Kopo liwe pana au jembamba, kina ni kile kile. Jambo hili peke yake litawapa ubishi wa wiki nzima, na ubishi huo ni mwema. Pili, nguzo yenye alama za sentimita, isimamishwe imara kando ya mwamba. Isomwe saa ile ile kila siku, kwa maana upepo husukuma maji kuja na kurudi. Nayo isomwe kutoka juu ya mwamba: asiingie mtoto majini, kwa sababu ya kichocho kitokacho kwa konokono wa ukingoni.

Ndugu makarani, hapa ndipo tunapowahitaji. Vijana watasoma vipimo, lakini daftari huharibika upesi mikononi mwao; siku wanayosahau huijaza kwa kukisia. Nani ajuaye kuliko sisi kwamba mstari mtupu ni bora kuliko hesabu ya uongo? Twataka watu wawili wa kukagua daftari kila Jumamosi.

Kopo limekwisha kupatikana. Nguzo itachongwa wiki hii. Majina ya hao wawili apewe Katibu kabla hatujatawanyika.