Bonde la Ufa na Meno ya Watoto Wetu
(Hotuba iliyotolewa Thorncliffe Park katika sherehe za Uhuru)



Tumeombwa tuseme machache kuhusu elimu. Tumechagua elimu ya miamba, na tunaona baadhi yenu mnajiuliza wauguzi wana nini na mawe. Tuvumilieni kidogo.

Tukitoka hapa tukashika Overlea, kisha Don Mills, tunafika Ontario Science Centre, iliyofungwa Juni 2024. Vijana, wengi wenu mlienda pale na shule. Kuanzia 1974 hadi 1985 mkuu wake alikuwa John Tuzo Wilson, profesa wa Chuo Kikuu cha Toronto. Ni mmoja wa wanasayansi walioonyesha kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea: bara hupasuka, bahari huzaliwa, na baada ya mamilioni ya miaka bahari hiyo hujifunga tena. Mfano wa bara linaloanza kupasuka, unaofundishwa duniani kote, ni Bonde letu la Ufa. Linatanuka milimita chache kila mwaka.

Mpasuko huo umetupa Kilimanjaro, Meru na Oldoinyo Lengai, na udongo mzuri wa kahawa na ndizi. Umetupa na jambo jingine. Miamba ya volkano ina madini ya floraidi, na maji yakipita humo huyabeba hadi visimani na kwenye chemchemi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Toronto, tangu 1963, jiji huongeza kiasi kidogo kwenye maji ya bomba ili meno yasioze. Lakini sehemu nyingi za kuzunguka Mlima Meru, maji yanapita kipimo hicho mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya ufizi huota meno yenye madoa ya kahawia. Yakinywewa kwa miaka mingi, tena yakiwa na floraidi nyingi sana, hata mifupa hukakamaa na kupinda.

Ndugu zetu, ni mara ngapi mtu wa Arusha amechekwa kwamba hapigi mswaki? Wapo wanaofunika mdomo kwa mkono kila wakicheka, mpaka ukubwani. Mswaki hauhusiki. Ni maji.

Basi mkienda likizo na watoto wadogo, kumbukeni haya. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki humo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe huipunguza. Na magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huweza kuwa nayo nyingi.

Sisi wauguzi tunaona jino na mfupa. Kwa nini kisima hiki kina floraidi nyingi na cha jirani hakina, hilo hujibiwa na mtaalamu wa miamba. Wapo wanaolifanyia kazi nyumbani, kama Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Na vyuo vikuu vya mji huu huwa na mfululizo wa mihadhara ambapo watafiti wa sayansi ya dunia hueleza kazi wanayoifanya sasa, kabla haijaingia vitabuni. Vijana, ulizeni ratiba, nendeni, kaeni hata kiti cha nyuma. Zamu ya maswali ikifika, ulizeni kuhusu kisima cha bibi. Swali hilo lina haki ya kuulizwa pale kama jingine lolote.

Wazazi wenzetu, mtoto akisema anataka kusoma mawe, tusimwambie hakuna kazi. Mwalimu Nyerere alituachia maadui watatu wa kupigana nao: ujinga, umaskini na maradhi. Katika kisima kimoja cha Meru wote watatu wamo.

Uhuru na Kazi!