Mwitikio wa Mwanafunzi kwa Slamu na Tashtiti katika Somo la Kiingereza: Safari ya Kutoka Kicheko hadi Hoja

Mada ya semina ya walimu wa lugha wa shule za upili, Kimana, Kaunti ya Kajiado



1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi wanafunzi wanavyoupokea ushairi wa slamu na tashtiti katika somo la Kiingereza, na walimu wafanye nini na mapokezi hayo. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu semina hii imewakutanisha walimu wa lugha zote mbili, na tatizo nitakaloeleza haliishi katika idara moja. Hoja yangu ni moja. Mwitikio wa kwanza wa mwanafunzi, hata ukiwa na kosa ndani yake, ni ushahidi wa jinsi alivyosoma. Tukiutupa ushahidi huo ili tuwahi orodha ya mbinu za lugha, hatuwezi kumfikisha kwenye uhakiki.

2. Fasili kwa ufupi

Slamu ni ushairi unaotungwa ili utamkwe mbele ya hadhira na kushindanishwa. Ulianza Chicago, Marekani, katikati ya miaka ya 1980, kwa juhudi za Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi. Kwa kawaida msanii hupewa dakika 3, na waamuzi 5 wanaochaguliwa kutoka kwa hadhira yenyewe humpa alama kati ya 0 na 10. Nairobi imeufahamu kupitia mashindano ya Slam Africa. Tashtiti ni utunzi unaoushambulia uovu au upumbavu wa watu kwa kuufanya kichekesho. Kuna vitabu vya shule vinavyolitumia neno hili kwa swali ambalo jibu lake linajulikana. Sikusudii maana hiyo hapa. Tashtiti si ngeni madarasani mwetu: tumefundisha Betrayal in the City ya Francis Imbuga, Fathers of Nations ya Paul Vitta, na katika Kiswahili Kigogo ya Pauline Kea. Mwitikio ni chochote kinachomtoka msomaji au msikilizaji anapokutana na kazi: kicheko, ukimya, hasira, swali, hata kuchoka.

3. Tatizo: mwitikio unaopotea kabla haujawa hoja

Slamu na tashtiti zina jambo moja zinaloshiriki. Zote mbili hazikamiliki bila mpokeaji. Waamuzi wa slamu wametolewa katika hadhira kwa makusudi, ili anayesikiliza awe na neno katika kazi. Tashtiti nayo husema jambo moja ikikusudia jingine, na pengo kati ya mambo hayo mawili huzibwa na msomaji peke yake. Kwa hiyo kumwuliza mwanafunzi ameitikiaje si pambo la kuchangamsha kipindi. Ni kuuliza kama kazi yenyewe imefanya kazi. Darasa linaloanza na agizo la kutaja mbinu nne za lugha limeruka hatua ambayo bila hiyo mbinu hizo hazina maana. Mwanafunzi ataandika neno la kinaya pambizoni, atalitolea mfano sahihi, na asijue ni nani aliyechekwa wala kwa nini.

Chukueni insha ya Jonathan Swift ya mwaka 1729, A Modest Proposal, ambayo walimu wengi wa Kiingereza huitumia kama mfano wa tashtiti. Msemaji wake anapendekeza kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe wakaliwe. Anahesabu watoto 120,000, anatenga 20,000 kwa ajili ya kuzaliana, na 100,000 waliobaki anawapeleka sokoni wakiwa na umri wa mwaka mmoja, kwa bei ya shilingi 10 kwa mtoto aliyenona. Mwanafunzi akisoma hayo kwa mara ya kwanza akaandika kwamba mtu huyu ni katili na anastahili kufungwa, desturi yetu ni kumwambia amekosea, hii ni tashtiti, kisha kumpa fasili. Lakini hakukosea kabisa. Ameona ukatili, nao upo. Kilichobaki ni aulizwe ukatili huo ni wa nani: wa mwandishi, wa msemaji aliyebuniwa, au wa wale waliokuwa wakiwatazama maskini kama mali. Chuki yake ndiyo nusu ya kwanza ya usomaji. Kazi ya mwalimu ni nusu ya pili.

Na hapa Kimana tuna faida ambayo hatujaitumia. Soko la mifugo liko mlangoni petu. Mtoto anayekua akisikia ng'ombe na mbuzi wakitajwa kwa umri, unene, afya na bei ataitambua lugha ya msemaji wa Swift pengine kabla ya mwanafunzi wa mjini. Akisema, kwa Kiingereza chochote alicho nacho, kwamba mtu huyu anaongea kama mnunuzi wa mnadani, amefika kiini cha insha. Amegundua kwamba ubaya umo katika utulivu wa hesabu, na kwamba binadamu amewekwa katika sentensi ya mnyama. Huo ni uhakiki kamili, na umetokana na maisha yake. Tatizo letu la miaka mingi ni kwamba sentensi hiyo haina mahali pa kuandikwa. Haimo katika mwongozo wa kitabu na haifanani na jibu la mwaka uliopita, kwa hiyo haifiki ubaoni. Mwanafunzi hujifunza haraka kwamba alichokiona mwenyewe hakina alama, na baada ya vipindi vichache huacha kuona.

Sababu kubwa ni muundo wa upimaji, nami nitasema kwa uangalifu. Katika mtihani wa kitaifa wa KCSE, Kiingereza kina karatasi tatu. Karatasi ya kwanza ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza, lakini stadi hizo hupimwa kwa kalamu. Mtahiniwa huandika jinsi ambavyo angeutamka mstari, hautamki. Katika karatasi ya pili, shairi au hadithi simulizi ina alama 20, na mtahiniwa hulisoma kimya. Karatasi ya tatu huleta insha za vitabu teule, na mara nyingi swali lake hutoa kauli kisha likamtaka mtahiniwa aiunge mkono kwa mifano kutoka kitabuni. Hukumu imekwisha kutolewa na swali. Mwanafunzi ameitwa kuleta mashahidi. Kwa kazi kama Fathers of Nations, inayowaweka viongozi wa bara zima kwenye mkutano wa kilele mjini Banjul na kuwafanya kichekesho, muundo huo una hasara ya pekee. Tashtiti humtaka msomaji agundue mwenyewe kilichooza. Akiambiwa mapema kwamba kilichooza ni ufisadi, hana la kugundua.

Silaumu Baraza la Mitihani la Kitaifa. Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walikuwa zaidi ya 900,000, na mtihani wa ukubwa huo unahitaji majibu yanayoweza kusahihishwa kwa kipimo kimoja kote nchini. Ninachokataa ni jinsi darasa la Kidato cha Kwanza lilivyokuwa likigeuzwa chumba cha mtihani miaka minne kabla ya mtihani. Baraza halikuagiza hivyo. Tulijiagiza wenyewe, kwa hofu ya wastani wa alama za shule, na hofu hiyo imekuwa ikitajwa semina baada ya semina bila kushughulikiwa.

4. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba mwitikio wa mwanafunzi ni maoni tu, na maoni hayasahihishwi. Ni kweli kwamba sentensi ya kusema shairi limenigusa haina uzito. Lakini swali linalofuata, limekugusa katika mstari upi na kwa neno lipi, linaweza kusahihishwa kama swali jingine lolote. Mwitikio ni mlango. Anayeingilia hapo hulazimika kurudi kwenye matini kutafuta ushahidi, na ushahidi ndio unaotofautisha hoja na hisia.

Pingamizi la pili ni la wakati na idadi. Kipindi ni dakika 40, na darasa laweza kuwa na wanafunzi 50. Hesabu haitushindi. Wakisikilizwa 5 kwa wiki, dakika 3 kila mmoja, ni dakika 15, na ndani ya wiki 10 darasa zima limesimama na kusema. Wengine hawakai bure. Ndio hadhira, na hadhira katika slamu ina kazi.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi katika kaunti hii: kwamba tashtiti huwafundisha watoto kuwadharau wakubwa. Jamii ya Wamaasai imejengwa juu ya marika na heshima, na hakuna mwalimu mwenye busara atakayelipuuza hilo. Hata hivyo, fasihi simulizi ya jamii hiyo hiyo, ambayo Naomi Kipury aliikusanya na kuichapisha mwaka 1983, inamjua sungura mdogo anayewahadaa ndovu. Watoto wamecheka mwenye nguvu akiumbuliwa na mnyonge tangu zamani, mbele ya wazee wao, kwa masimulizi waliyopewa na wazee hao. Pwani, Muyaka bin Haji alitumia ushairi kuwachokoza na kuwajibu wapinzani wa Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19. Dharau humlenga mtu kwa jinsi alivyo. Tashtiti hulenga tendo. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti hiyo ana heshima iliyo imara kuliko yule aliyefundishwa kunyamaza.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini: kwamba ni hatari. Walimu wanakumbuka mwaka 2013, mchezo wa Shackles of Doom wa shule ya Butere Girls ulipopigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ikaingilia. Wanakumbuka zaidi Aprili 2025, Nakuru, wanafunzi wa shule hiyo hiyo walipoondoka jukwaani baada ya kuimba wimbo wa taifa bila kuigiza mchezo wao, Echoes of War, huku polisi wakitumia gesi ya kutoa machozi nje, ingawa mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Hofu hii ina msingi, na mwalimu mmoja hapaswi kuibeba peke yake. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na kifungu hicho hicho kinaweka mipaka dhidi ya uchochezi na matamshi ya chuki. Mipaka hiyo ikiandikwa na kujulikana shuleni, mwalimu atajua anaposimama. Isipoandikwa, kila mwalimu ataweka wa kwake, na kwa kawaida atauweka karibu mno.

La mwisho ni lugha. Inasemwa kwamba slamu huleta Sheng, na kwamba mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kimaa au Kikamba na Kiswahili, hawezi kuonja kinaya cha Kiingereza. Ninaona kinyume. Anayejua lugha tatu amezoea kusikia neno moja likibeba maana mbili. Mwacheni aseme kwanza kwa lugha iliyo karibu, kisha mdaini Kiingereza sanifu katika maandishi ya pili.

5. Mapendekezo

i. Kila mwanafunzi awe na daftari la mwitikio. Sentensi ya kwanza iandikwe kabla mwalimu hajataja istilahi yoyote.

ii. Sentensi hiyo isisahihishwe. Kinachosahihishwa ni ya pili, inayotaja mstari uliosababisha mwitikio.

iii. Kila tashtiti iulizwe maswali matatu kabla ya mbinu: nani anasema, nani anachekwa, na tulijuaje?

iv. Slamu isikike kabla ya kusomwa. Pasipo na spika, mwalimu au mwanafunzi aitamke.

v. Wanafunzi 5 wasikilizwe kila wiki, kama ilivyohesabiwa hapo juu, na hadhira itoe alama pamoja na sababu.

vi. Idara za Kiingereza na Kiswahili zifundishe tashtiti katika wiki moja, na zikubaliane kuhusu istilahi.

vii. Mifano ichukuliwe pia kutoka mazingira ya Kimana: soko, mgawanyo wa ardhi ya ranchi za jamii, maji ya mashamba, wanyamapori. Tashtiti hueleweka pale anayelengwa anapojulikana.

viii. Miongozo ya vitabu teule isiruhusiwe darasani kabla ya kitabu chenyewe kusomwa hadi mwisho.

ix. Kila shule iandike sera fupi ya kazi za ubunifu, yenye mipaka ya Kifungu cha 33, itiwe sahihi na mwalimu mkuu ili mwalimu wa darasa asiachwe peke yake.

x. Kwa kuwa Gredi ya 10 ya mtalaa wa umilisi imeanza mwaka 2026, na fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchaguliwa katika mkondo wa sayansi za jamii, Taasisi ya Kukuza Mitalaa iombwe iweke utamkaji halisi wa mashairi katika upimaji wa shuleni.

xi. Baraza la Mitihani liombwe kufikiria swali moja la insha linalomruhusu mtahiniwa kukubali au kukataa kauli aliyopewa.

xii. Narudia la kwanza, kwa sababu yote mengine yanalitegemea: mwitikio uandikwe kabla ya istilahi.

6. Hitimisho

Mapendekezo mawili yanahitaji uamuzi wa Nairobi, na huenda yakachukua miaka. Moja linahitaji sahihi ya mwalimu mkuu. Mengine yote yako mikononi mwa waliomo katika ukumbi huu. Daftari la mwitikio halihitaji waraka wala bajeti. Nawaomba, walimu wenzangu, mrudi madarasani mkaanze na ukurasa mmoja wa daftari hilo, na tutakapokutana tena tuje na yale waliyoandika wanafunzi wetu, tuyasome pamoja.